Mukewenza wa Maman Mwenze

"Ule mukewenza wangu ana tundu mu kichwa, mvua inamuingilia, na bado unamusifu! Miye plafond, dari ya jikoni yangu, inavuja tangu tuhamie, unanyamaza!"

Maman Mwenze alikuwa anamfokea mumewe Banza mbele ya saluni yetu ya nywele, Galerie d'Ixelles, huku ughaibuni, wateja wakisikiliza bila kujificha. Mukewenza mwenyewe ni jengo: Panteoni, hekalu la kale la Roma. Banza ni fundi wa plasta. Mwaka 2009 alienda hija na parokia, akarudi bila hata rozari ya mkewe, ila na picha ya hilo hekalu. Akaitundika juu ya kitanda.

Usiku Banza anahubiri: "Angalia, maman. Ile kuba ni zege tupu, hakuna chuma ndani. Chini waliweka mawe mazito, juu mawe mepesi ya volkano, kama yale ya Goma. Na vile vishimo vya mraba vinapunguza uzito."

"Na miye, uzito wangu nani anapunguza?"

"Karibu miaka elfu mbili, watu bado wanapanga foleni kumuona!"

"Miye vingt-deux ans, miaka ishirini na miwili ya ndoa, foleni yangu iko wapi?"

Basi wivu ukamzidi. Mwaka 2014 kwaya yetu ya wamama ilipanga safari ya Roma, naye akajiandikisha wa kwanza. Siku ya kuingia hekaluni alivaa kitenge kipya cha superwax, kilemba, dhahabu zote, kama muntu anayeenda kupimana na mwanamke.

Mvua ilikuwa inanyesha. Ilipita katika lile tundu la juu, ikashuka polepole pamoja na mwanga, ikafika sakafuni, ikapotelea katika vitundu vidogo vya marumaru. Mwenze aliangalia juu mpaka kilemba kikamlegea. 

Nje ndipo akanigeukia. "Bon. Ni muzuri. Ninamuchukia."

Papo hapo akampigia Banza simu. "Nimemuona. Anavuja sawa na jiko langu. Lakini waliomujenga walimutengenezea pa kupitisha maji. Weye umenitengenezea nini? Sufuria ya kukinga matone!"



Tuliporudi nilimsindikiza na mizigo yake. Bomba la ghorofa ya juu lililokuwa likivuja lilikuwa limezibwa, na dari ya jikoni ilikuwa mpya: plasta nyeupe, vishimo vya mraba safu kwa safu, kama vya Roma. Banza alisimama mlangoni, plasta ingali katika nyusi zake.

"Sasa deni langu umenilipa," Mwenze alisema.

Akaokota sufuria ya matone, akaisugua vizuri, akatupikia sombe, yale majani ya muhogo, ndani yake.