Kisima cha Wifi Yangu

Nilipoolewa Msambweni, katika miaka ya hamsini, nilikikuta kisima nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Alikichimbisha kwa ajili ya binti yake, wifi yangu ambaye sikuwahi kumwona, aliyefariki akijifungua. Kilikuwa sadaka: kila aliyeteka na kunywa, thawabu zilimfikia marehemu. Ndiyo maana mlango wa ua haukufungwa.

Siku moja mtoto wa jirani aliinama kisimani akaita, na sauti ikamrudia. Akakimbia akilia kwamba mna mwanamke ndani. Ulikuwa mwangwi tu, kila kisima kinao. Lakini wanawake wawili watatu wakaanza kuteka kwingine.

Hapa twende polepole, maana ndipo jambo lote lilipo. Kisima hutaka kutekwa. Ndoo zikipungua, maji hulala; yakilala, majani yaliyoanguka huoza ndani na harufu hupanda. Waliobaki wakainusa harufu ile wakasema, "Kumbe kweli." Wakapungua nao, na maji yakazidi kulala. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja aliogopa kidogo tu, na woga wake ukamzalia mwenzake ushahidi.

Mama mkwe akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani asome dua, na akafukiza ubani ukingoni siku saba. Siku ya nane hakuja mtu.

"Kama hamna kitu, shoga, huo ubani anamfukizia nani? Chura?" nilimsikia mmoja akicheka njiani. Mwenzake hakucheka.

Mama hakukata tamaa. Aliyateka maji machafu na kuyamwaga siku tatu, mpaka yakaja meupe, hayana harufu. Kisha akawaalika majirani kwa chai. Walipokuwa wameketi, akachota kwa kata, akanipa mimi.

"Kunywa, mwanangu. Wakikuona wewe, nao watakunywa."

Alikuwa amelielewa jambo kuliko sisi sote. Kama woga ulivyojilisha wenyewe, imani nayo ingeweza kujilisha: mmoja anywe, wawili wateke, maji yaamke, waje kumi. Pengine lilihitajika funda moja tu la kuanzia.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilijua kuhusu mwangwi, na maji nilikuwa nimeyanusa mwenyewe, yalikuwa safi. Nikaileta kata mdomoni, na ghafla nikamfikiria yule aliyekufa kwa uzazi, kana kwamba anangoja nimjibu. Nikafumba midomo. Wakaona.

"Mwenye mimba halaumiwi," akasema jirani mmoja kwa upole, akainuka. Wengine wakamfuata.

Mama aliichukua kata mkononi mwangu, akanywa mpaka ikaisha.

"Haidhuru, mwanangu," akasema, wala hakulitaja tena.

Tangu hapo aliteka peke yake, ndoo moja kila asubuhi, akanywa peke yake, kwa ajili ya binti yake. Alifariki mwaka wa pili. Waoshaji wakaniuliza maji ya kumwoshea yatekwe wapi. Mwanangu, mzima kabisa, alikuwa akicheza uani. Nilitaka kusema, "Hapa." Nikanyamaza, nao wakachukua ndoo zao wakaelekea kwa jirani.