Siku Niliyompoozesha Mzee Sokoni Katoro

Ndugu zangu, leo nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi inimeze. Mimi nauza nyanya sokoni Katoro. Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya siku moja ya huduma ya kwanza, nikarudi na cheti na kiburi cha daktari bingwa.

Juzi mzee mmoja mgeni aliteleza kwenye matope, akaanguka chali mbele ya meza yangu. Watu wakataka kumwinua.

"Asiguswe!" nikafoka. "Ndani ya pingili za mgongo mna ugwe laini unaobeba taarifa kutoka kwenye ubongo mpaka vidole vya miguu. Mkimkunja vibaya, mnaukata!"

Umati ukatulia. Nami nikazidi kuvimba kichwa. Nikamvua kiatu cha kulia, nikachomoa pini kwenye kilemba changu, nikamchoma unyayo juu ya soksi.

"Shikamoo babu. Unasikia maumivu?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu, lakini..."

"Nyamaza, upumzishe ubongo!"

Nikachoma tena, kwa nguvu zaidi. Hakushtuka hata kidogo. Machozi yakanilenga.

"Mishipa ya fahamu imekatika," nikautangazia umati. "Babu yetu amepooza."

Mama muuza dagaa akaangua kilio. Vijana wakaanza kung'oa mlango wa kibanda changu ili wambebee.

Hapo mzee akaketi mwenyewe, akaivua soksi taratibu.

"Mwanangu," akasema, "mguu wangu ulibaki kwenye shimo la dhahabu kule Nyang'hwale, kifusi kiliponiangukia. Huo unaouchoma ni wa plastiki."