Mchanga Kwenye Shuka

Projekta ya ofisini ikipata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua, na mimi hujikuta tena darasani katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, madirisha yamezibwa kwa blanketi mchana wa jua kali, jenereta ikinguruma nje.

Mwalimu alikuwa ametuletea mchezo wa Wagiriki wa kale, uliorekodiwa ukiigizwa jukwaani, na wazazi walialikwa. Alitutafsiria kadiri ulivyoendelea: kijana ameuawa, mfalme amekataza asizikwe, dada yake amekataa kutii. Hooyo, mama yangu, alikuwa amekaa mbele pamoja na kina mama wengine.

"Mwalimu," akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, "maji ya kuosha huyo kijana iko wabi?"

"Mama, huu ni mchezo tu. Huyo hajafa. Ukiisha atainuka, aende kwao."

Darasa zima likaangua kicheko. Hooyo aliinama. Alichota mchanga sakafuni kwa kiganja, akasimama, akautupa kwenye shuka iliyotundikwa ukutani, pale maiti ilipolala. Akachota tena, akatupa. Mara ya tatu, kama tufanyavyo makaburini, alitupa akilitaja jina la kaka yangu, ambaye tulimwacha njiani tukikimbia vita, bila maji, bila kaburi.

Kicheko kikakatika. Mchanga ulikuwa bado unachururika kwenye shuka. Watoto wakaanza kunyoosha shingo wakiulizana, "Huyo ni mama ya nani?"

Na mimi nikanyoosha shingo, nikauliza pamoja nao.