Mafuta ya Papa Chini ya Gari

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa umeme wa magari pale Kilifi, na mjomba wangu alikuwa dereva wa hoteli moja ya ufukweni Bofa. Asubuhi moja alinijia amenuna. Gari la mwenye hoteli, lililoletwa kutoka Ulaya, lilikuwa limewasha taa ya hitilafu isiyozimika.

Gari lile lilikuwa na kifaa cha kunusa moshi kwenye ekzosi, na ndani yake hita ndogo ya kukipasha moto. Hita haikupata moto. Nikapima fyuzi, nzima. Nikapima hita yenyewe, nzima. Umeme ulikuwa unafika. Ukabaki waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Nilipofungua bolti yake vidole viliteleza, na harufu ikanipanda puani.

"Mjomba! Hii si papa?"

"Ni mafuta yake," akajibu kwa fahari. "Nimefungua kila bolti nikapaka, kama tupakavyo mashua. Wataka gari liliwe na chumvi?"

"Umeme haupiti kwenye mafuta!" Nilifoka, heshima yote nikaisahau. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti. Taa ikazimika.

Mjomba akacheka, akachovya brashi yake tena. Nilitaka kumkemea, kisha nikaiangalia ile bolti. Bolti ikishakazwa, chuma kimegusana na chuma na mafuta hubaki nje; kumbe ndiyo dawa ya chumvi. Nikamnyang'anya brashi, nikapaka mwenyewe.

Taa ile haikuwaka tena. Ila paka wote wa Bofa walihamia chini ya lile gari.