Waru Zilizomea Varandani

Mimi Wakonyo sijawahi kwenda kuona mtoto mchanga na kiondo cha vitu vya kununua. Kwetu Kagio mtoto akizaliwa, nyanya huleta chakula kilichotoka kwa mikono yake mwenyewe. Ukileta vya sokoni, wanawake watakushukuru vizuri, halafu ukitoka nje waulizane kama shamba lako limewekwa lami.

Sasa mwaka huu nikaanguka, nyonga ikavunjika, daktari akaifunga na vyuma. Mwanangu Wamae akanileta kwake Kerugoya, orofa ya tatu, mpaka mguu upone. Shamba likabaki na magugu. Na huko Kagio mjukuu wangu Wawira alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeanza tu kuonekana.

"Maitu, usijisumbue," akaniambia Wangechi, mke wa Wamae. "Waru za mukimo tutanunua hapo Kutus."

"Nunua zako. Mimi nitabeba zangu."

"Kutoka wapi, Maitu? Kwa sofa?"

Mukimo ni waru, yaani viazi, zikipondwa na mahindi na mboga za majani. Mahindi nilikuwa nayo ya nyumbani. Mbegu za malenge nilizikwangua kwa lile tulilopika Jumapili, nikazianika dirishani. Vitunguu vya majani, nilikataa mizizi itupwe. Niliisimamisha kwa kikombe cha maji na wiki haikuisha kabla haijatoa majani. Hata shina la kabichi nililiweka kwa sahani likachipuka. Udongo nilimwomba Gatimu, msimamizi wa ploti hii ya wapangaji.

"Shosho, magunia ya udongo mpaka huku juu? Unajenga nyumba ndani ya nyumba?"

"Najenga mukimo. Panda ngazi."

Kazi ilikuwa waru. Waru nzima sikutaka kuzika; hicho ni chakula, na tena ni cha kununua. Lakini ganda limeshatupwa, halina mwenyewe. Kinachomea hapo ni changu. Mama yangu alipanda maganda mwaka wa njaa na tukala. Kwa hivyo nikachukua maganda ya Wangechi yaliyo na macho, nikayafukia. Yakaoza. Nikafukia mengine. Yakaoza pia.

Nikainua ganda moja kwa mwanga. Kumbe naweza kumwona Gatimu kule chini nikiangalia kupitia hilo ganda! Wangechi anamenya nyembamba hivyo. Jicho halina nyama ya kula, linakufa njaa kabla ya kutoa mzizi.

Na aliyemfundisha ni mimi. Kwetu bibi arusi huangaliwa anavyoshika kisu. Wiki aliyoolewa niliokota ganda lake nene mbele ya wanawake nikauliza, "Huyu amekuja kulisha bwana ama ng'ombe?" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo Wangechi hajawahi kumenya nene.

Sasa nimwambie nini? Ati mwanangu, rudi ulivyokuwa? Afadhali nimenye mwenyewe. Nikaomba kisu, akakivuta.

"Maitu, wewe umenye na mimi nimekaa? Watu watasema nini?"

Tumbo la Wawira lilikuwa linakua, na magunia yangu ya waru yalikuwa udongo mtupu. Kila siku nilikuwa naenda varandani, naangalia, narudi kukaa. Kusema, hapana.

Halafu mchana mmoja nikasikia ganda likianguka kwa beseni. Pu! Ganda jembamba halina sauti. Nikageuka. Wangechi alikuwa anamenya nene kama kidole, na hakuinua macho.

"Kisu kimekuwa butu?" nikamuuliza.

"Kiko sawa, Maitu. Leo nalisha ng'ombe."

Miaka yote hiyo ameyaweka yale maneno! Nilitaka kukasirika, lakini kicheko kikanitangulia. Tukacheka mpaka nyonga ikaniuma.

"Nilikuona ukimchungulia Gatimu kupitia maganda yangu," akasema. "Ungeniambia tu."

"Nikuambie nini? Endelea kumenya."

Hayo maganda niliyapaka jivu la jiko, nikayaacha yakauke kidogo, nikayafukia. Yakamea. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa yanaenda hapo, na Wangechi alikuwa anayamwaga kabla sijamwambia. Malenge nayo yakapanda vyuma vya varanda mpaka kwa kamba ya nguo ya jirani. Gatimu akapanda kunigombeza, akashuka na majani ya mboga.

Wawira akajifungua msichana. Tukamwaga magunia varandani, tukachakura na vidole. Waru zilikuwa ndogo kama mayai ya kuku, zikatosha sufuria moja. Kiondo nilibeba mwenyewe ngazi zote. Wamae alijaribu kukichukua nikampiga mkono.

Kagio wanawake walikuwa wamejaa nyumbani kwa Wawira. Warigia, jirani yangu wa miaka mingi na mdomo wake wa miaka mingi, akachungulia kiondo.

"Wakonyo, hizi zimetoka wapi na shamba lako ni magugu?"

"Zimetoka kwa kisu cha mke wa mwanangu," nikasema, na nikasema kwa sauti wote wasikie. "Hakuna anayemenya kama yeye."

Wangechi akainamia sufuria, akaponda mukimo kama anayefukuza kitu.

Wawira alikula akaomba tena. Tulipokuwa tunaondoka akashika kiondo changu, kwa sababu kwetu kiondo hakirudi kitupu.

"Cucu, nikuwekee nini?"

"Yale maganda," nikamwambia.

Akatazama beseni alilomenyea Wangechi. Yalikuwa manene, yote.