Mtaliano, Kamba na Krismasi ya Kukopa

"Soja ni soja," alisema Mkenya mwenzangu tuliyelala chumba kimoja kule Muhaisnah, Dubai. "Utafungua geti mpaka ndevu zote ziwe mvi. Ukocha ni wa watu waliocheza mpira kwenye televisheni, si wewe." Msimamizi wetu naye alisema nitapata diploma ya ukocha siku ngamia atakapovaa viatu vya mpira.

Nawakumbuka wote. Leo diploma yangu imetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona.

Wakati huo nilikuwa mlinzi kwenye akademia ya soka Oud Metha. Mkuu wa mafunzo alikuwa Mtaliano mwenye goti bovu, na vijana walimwita Mista, kama makocha wanavyoitwa kwao. Alikuwa akifika kabla ya wenzake, akisimama nami getini na kikombe chake kidogo cha kahawa. Hapo ndipo nilipoipata historia yake, kipande kwa kipande.

Alikuwa beki. Utotoni, katika timu ya mji wake mdogo, kocha wake wa kwanza aliwafunga mabeki wanne viunoni kwa kamba ya kuanikia nguo, ili mmoja akisogea wote wasogee. Alipanda hadi ligi kuu ya kwao, na huko akakaa benchi msimu baada ya msimu.

"Benchi ndilo lililokuwa chuo changu," aliniambia. "Waliokuwa uwanjani waliuona mpira. Mimi niliuona mchezo."

Goti lilipomshinda, akageukia ukocha. Akaajiriwa, akafukuzwa, akaajiriwa kwingine, akafukuzwa tena, hadi akaangukia Dubai. "Nimefukuzwa mara nyingi kuliko mabao niliyofunga," alisema, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Siku niliyomwambia nataka kuwa kocha, hakucheka.

"Una muda?"

"Sina, Mista."

"Utafute. Nitakusimamia kozi nzima, lakini niwe nakuona uwanjani kila jioni. Nisipokuona, khalas, imekwisha."

Jioni ndiyo ilikuwa zamu yangu. Basi nikakopa zamu. Sisi walinzi tulikuwa na desturi yetu: ukinisimamia leo, nitakusimamia siku utakayoitaka wewe. Hakuna aliyeandika na hakuna aliyesahau. Nilikopa kwa Watanzania, nikakopa kwa Wanepali, nikakopa hata kwa yule Mkenya mwenye ulimi. Zaidi ya wote nilikopa kwa Mganda mmoja, mwimbaji wa kwaya, mtu mpole mwenye mabega kama mlango.

Kisha tarehe ya mtihani wa uwanjani ikatangazwa: Ijumaa, siku ya Krismasi yenyewe. Nilikuwa kwenye zamu siku hiyo, na wenzangu karibu wote walikuwa zamuni pia. Mganda peke yake ndiye aliyepewa ruhusa. Nikamkuta akipiga pasi shati lake la kwaya.

"Ssebo, unaniomba Krismasi?" Aliiweka pasi chini. "Mwaka huu naimba peke yangu mbele ya watu."

"Mista anasema nisipofanya sasa, hajui kama mwakani atakuwa hapa."

"Krismasi hulipwa kwa Krismasi. Usije ukanipa Jumanne."

"Nitalipa."

"Utakuwa umeshapanda ndege, bwana diploma." Lakini shati alilirudisha kwenye hanga.

Siku ya mtihani, pale pale akademia, nilipewa watoto na nusu saa niwafundishe kulinda goli. Nikaanza kama makocha wa kwetu, kwa kelele. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo watoto walivyoniangalia mimi badala ya kuangaliana, na mabao yakapita kama maji. Mtahini aliandika kitu bila kuinua uso. Mista alikuwa benchini, hakuruhusiwa kusema neno. Nilipomwona ameketi vile, kamba ikanijia. Nikakimbia getini.

"Umefeli?" Mganda akaniuliza.

"Nipe kamba!"

"Hii ya kuzuia magari?"

"Yalla, nipe!"

Nikawafunga watoto wanne. Kwanza walianguka chungu nzima, wakacheka. Halafu wakaanza kusogea pamoja, kushoto, kulia, mbele, na mimi nikafunga mdomo. Nilipoifungua kamba, waliendelea kusogea kana kwamba bado ipo. Mtahini alivua miwani yake ya jua. Nilifaulu kuliko darasa zima, na simwombi mtu radhi kwa kulisema. Getini, magari yaliingia yalivyotaka, moja likaegeshwa kwenye nafasi ya bosi, na Mganda akakemewa kwa ajili yangu.

Msimu ulipoisha, Mista alifukuzwa. Nilimfungulia geti mwenyewe.

"Sasa, Mista?"

"Sasa namtafuta wa kunifukuza tena."

Hakukawia. Alinipigia simu kutoka kwao: amepewa timu ya daraja la chini, na tayari amenunua kamba.

Mimi nami shule moja ya nyumbani ilinitaka niwafundishie timu kuanzia Septemba. Nikawaambia waningoje hadi Januari. Walinung'unika, wakangoja, kocha mwenye diploma hawakuwa naye mwingine. Joto lote la kiangazi nilisimama getini kwa zamu za wengine, mmoja baada ya mwingine. "Kumbe soja hulipa!" akasema yule Mkenya, na nikamlipa hata yeye.

Ikabaki Krismasi. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa, diploma katikati ya nguo. Nilivaa sare nikasimama mahali pa Mganda tangu asubuhi. Alikuja baada ya ibada, shati jeupe, sauti imekauka kwa kuimba, mkononi sahani ya pilau iliyofunikwa, akanikabidhi.

"Kuna mwingine anayekudai?" akauliza.

"Ulikuwa wewe tu."

"Basi khalas, kocha."

Hapo getini hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Gari likapiga honi nyuma yake. Nikamrudishia sahani aishike, nikateremsha kamba, likapita.