Yaya wa Miezi Miwili

Usiponiamini sitakulaumu, hata mimi ningekisikia kwa mtu mwingine ningecheka. Lakini kisa hiki kilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, hapa hapa Bujumbura, miaka ya vita.

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Ubelgiji likizo ya kiangazi kumuuguza mama yetu, akiwa na binti yake wa miaka miwili, Nadia. Mimi nilikuwa na cherehani yangu na wateja wangu wasiokwisha maneno pale Buyenzi, na bado kazi ya kutafuta yaya ikaniangukia mimi. Yaya wa miezi miwili tu! Nani anataka kazi ya miezi miwili? Wasichana watatu walikataa, wa nne akanicheka. Halafu Espe akaja mwenyewe mlangoni, kitenge cha bluu kiunoni, hana hata mfuko.

"Miezi mbili inatosha, dada," akasema.

Sikumwuliza kwao ni wapi. Siku zile, kumwuliza mtu mtaa wake kulikuwa sawa na kumwuliza kabila lake, na jibu liliweza kumkosesha kazi au kumtoa roho. Mwenye adabu alinyamaza. Nami nikanyamaza.

Jamani, likizo ile! Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa kwetu. Risasi zinasikika huko milimani, sisi tunacheka uani. Espe alimbeba Nadia mgongoni kutwa: anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, naye, anaanika nguo naye, anamwimbia polepole mpaka mama mgonjwa naye anasinzia. Alinukia moshi siku zote, hata akitoka kuoga, nikadhani ni makaa ya jikoni. Mtoto aliyekuja hajui neno la Kiswahili akaanza kunituma maji kwa Kiswahili. Sijapata tena kukaa katika nyumba yenye raha kama ile, na nikiikumbuka inaniuma.

Dada akanogewa, akataka kumchukua Espe waende naye Ubelgiji. Karatasi za safari zilitaka mahali alipozaliwa, kwa hiyo nikatumwa kuuliza lile swali. Espe akamfunga Nadia mgongoni.

"Karatasi yangu iko kwetu, Kinama. Tuende wote, dada. Mi sipendi kwenda peke yangu."

Tulikwenda asubuhi kwa miguu, yeye mbele, mtoto akinichungulia juu ya bega lake. Kinama nusu yake ilikuwa magofu. Espe akaingia kichochoroni, nikamfuata, nikatokea kwenye kiwanja kilichobakiwa na kizingiti na matofali meusi tu. Pembeni mama mmoja alikuwa anaanika mihogo. Nikamwamkia, nikamwuliza Espe amepita wapi, yule msichana mwenye mtoto mgongoni.

Akauweka chini muhogo aliokuwa ameushika.

"Espe alikufa mu hii nyumba, siku ile walichoma. Yeye na mutoto wake. Mi sikuona musichana, mama. Umekuja peke yako na uyo mutoto."

Nikageuza shingo. Nadia alikuwa mgongoni kwangu, amelala, amefungwa kwa kitenge cha bluu, fundo limekazwa kifuani pangu. Nilimbeba saa ngapi? Wallahi sijui mpaka leo. Nililia palepale, wala si kwa hofu. Nililia kwa sababu Espe angeweza kubaki na Nadia, naye akanirudishia.

Nadia alikataa chakula siku tatu, akimwita Espe. Kisha wakaondoka, na dada hakumleta tena. Sasa Nadia ni mwanamke mzima na Kiswahili kimemtoka chote, limebaki swali moja analoniuliza mimi mama yake mdogo kwenye simu kila Idi: Tantini, Espe anarudi lini? Mimi humjibu kwamba amekwenda kwao.

Basi wewe unayetafuta yaya, hata awe wa likizo tu, muulize kwao ni wapi siku ya kwanza, pale mlangoni, kabla hajaingia ndani. Mimi nilipouliza, nilikuwa nimeshampenda.